UZI: Bega langu liliharibika baada ya chanjo ya mafua kazini, Marekani. Nimelipwa fidia. Mwenye shida kama hii asome kabla muda haujamwishia

MamaWawili:

Habari zenu wanajukwaa. Wakubwa shikamooni.

Humu nimekuwa msomaji kimya kwa miaka mingi. Leo naandika kwa sababu Jumapili iliyopita dada mmoja tunayesali naye aliniambia bega linamuuma tangu alipochomwa chanjo ya mafua, huu mwaka wa nne, na hajawahi kulisema kwa daktari hata mara moja. Tukahesabu tarehe pamoja kwenye simu yake. Muda wa kudai ulikuwa umempita kwa miezi minane. Akanyamaza, akasema "basi ni mapenzi ya Mungu", akaanza habari nyingine. Usiku ule sikupata usingizi. Kwa hiyo nitaandika kirefu, na mwenye ndugu Marekani amtumie.

Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, Ohio. Ni kazi iliyotupokea wengi wetu tuliotoka nyumbani: kumgeuza mzee kitandani, kumwogesha, kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Bega ndilo jembe langu.

Kila mwaka msimu wa mafua ukikaribia tunachanjwa hapohapo kazini. Oktoba 2021 wachanjaji waliletwa, meza ikawekwa chumba cha chakula, foleni ikafika mlangoni. Nilikuwa nimevaa fulana ya mikono mirefu ndani ya sare kwa ajili ya baridi. Kuipandisha ikashindikana, nikaambiwa nivute tu shingo ya fulana bega litoke. Mimi nimekaa, yeye amesimama. Sindano ikaingia juu kabisa, pale mfupa wa bega unapoishia. Nilishtuka mwili mzima. Nimechomwa sindano nyingi maishani, yale hayakuwa maumivu ya sindano ninayoyajua.

Usiku sikuweza kulalia ubavu wa kushoto. Asubuhi mkono haukufika mgongoni kufunga sidiria. Wiki ya pili nikashindwa kumsuka binti yangu, nikawa nampeleka kwa jirani.

Nikavumilia. Ndivyo tulivyolelewa, mtu mzima hulalamiki kwa ajili ya sindano. Nikachua kwa dawa, nikakanda kwa maji ya moto, nikameza vidonge vya maumivu vya dukani. Zikapita wiki kumi na moja.

Nilipokwenda kwa daktari, Januari 2022, nikaharibu tena bila kujua. Aliniuliza shida nini, nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba mkono unauma. Kwetu mkono ni mmoja, kuanzia begani mpaka ncha za vidole. Kiingereza kina neno la sehemu ya juu na neno jingine la kiganja, na mimi nikatamka lile la kiganja. Akaandika alichosikia. Faili langu la kwanza linasema mgonjwa ana maumivu ya kiganja cha kushoto. Hakuna bega. Hakuna chanjo. Mistari ile miwili ilinigharimu zaidi ya mwaka wa kubishana baadaye.

Februari daktari mwingine akanipeleka MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili. Kifuko cha majimaji cha begani kimevimba, ukano mmoja umechanika kidogo. Nikachomwa sindano ya steroidi, kisha mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, miezi mitano. Mwenzangu mmoja wa zamu ya usiku, Mkenya, ndiye aliyeniuliza: "Dada, umeongea na wakili wa chanjo?" Sikuwahi kusikia kwamba kuna kitu kama hicho.

Nilichokuja kujua ni hiki. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya majeraha ya chanjo, kwa sababu kesi dhidi ya watengenezaji, hasa wa chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, zilikuwa zimefikia mahali kampuni zinaacha kutengeneza. Mpango wa Taifa wa Fidia ya Majeraha ya Chanjo ukaanza kupokea madai Oktoba 1988. Humshtaki nesi, mwajiri wala kampuni. Mdaiwa ni Waziri wa Afya wa Marekani kwa cheo chake, mawakili wa Wizara ya Sheria wanamtetea, na ombi linafunguliwa Washington kwenye Mahakama ya Madai ya Shirikisho. Anayesikiliza ni hakimu maalumu. Sheria inasema wasizidi wanane kwa nchi nzima, ndiyo maana foleni ni ndefu.

Fedha zinatoka kwenye mfuko unaojazwa na kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa ambao dozi inakinga. Ya mafua ni senti 75. Ya surua, matubwitubwi na rubela ni dola 2.25 kwa kuwa magonjwa ni matatu. Kwa hiyo hakuna anayekwenda pale kuomba sadaka.

Jeraha la bega linalotokana na uchomaji wa chanjo, kwa kifupi SIRVA, liliingizwa Machi 2017 kwenye Jedwali la Majeraha ya Chanjo, yaani orodha ya majeraha ambayo mpango unayatambua. Mtajie wakili herufi hizo tano, atajua unachosema. Kitu kikiwa kwenye jedwali, ukitimiza masharti hulazimiki kuleta mwanasayansi wa kuthibitisha chanzo. Sheria inakuchukulia kuwa umeumizwa na chanjo, mpaka upande wa pili uonyeshe chanzo kingine. Masharti yenyewe: bega hilo lisiwe na historia ya maumivu au ugonjwa kabla ya chanjo, maumivu yaanze ndani ya saa 48, maumivu na kushindwa kuinua mkono vibaki kwenye bega lililochomwa tu, na pasiwe na ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo, mfano mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni. Halafu madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi sita, au yawe yamekulaza hospitali na kufanyiwa upasuaji.

Na ombi lifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu dalili ya kwanza. Ukijua sheria mwaka wa tatu, hesabu haianzi upya. Ukipigwa MRI mwaka wa pili, hesabu haianzi upya. Dada yangu wa kanisani alipotelea hapo.

Nilifungua Machi 2023. Ada ya mahakama ilikuwa dola 402, siku hizi ni 405, na inarudishwa. Upande wa pili haukubisha kwamba bega ni bovu. Ulibisha saa 48: kama yalianza siku ileile, mbona amekaa wiki kumi na moja, na mbona karatasi ya kwanza inasema kiganja?

Kilichoniokoa ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Asubuhi baada ya chanjo nilimtumia mdogo wangu aliyeko Morogoro: "Wamenichoma vibaya, mkono haupandi kabisa." Hakuwa ameufuta. Ukatafsiriwa, tarehe ikaonekana, mdogo wangu akaapa hati ya kiapo. Mwenzangu wa zamu naye akaapa kwamba wiki ileile nilimwomba tubadilishane mzee mmoja mzito. Na mtu wa mazoezi ya viungo, Mungu ambariki, alikuwa ameandika siku ya kwanza kwamba maumivu yalianza siku ya chanjo. Mwisho wa 2024 hakimu maalumu akaamua yalianza ndani ya saa 48. Baada ya hapo ikabaki kukubaliana kiasi, na hundi imefika mwaka huu.

Kuhusu wakili: sheria inamkataza kukata chochote kwenye fidia yako. Analipwa na mfuko huohuo, kwa kiasi anachoidhinisha hakimu maalumu, na analipwa hata ukishindwa ilimradi ombi lilikuwa la nia njema na lenye msingi. Akikwambia anataka asilimia, ondoka. Na si lazima awe wa jimbo lako, mradi amesajiliwa kwenye mahakama ile. Wangu sijawahi kuonana naye uso kwa uso.

Ulizeni. Nitajibu nikitoka zamu.

Nesi_Mkwakwani:

Pole sana dada, na asante kwa kueleza bila jazba.

Niongeze upande wa kazi yetu. Chanjo ya msuli kwa mtu mzima inachomwa kwenye nyama nene ya bega, vidole viwili mpaka vitatu chini ya ncha ya mfupa. Ukipanda juu ya hapo unakutana na kifuko cha majimaji kinachoitwa bursa, kilicholala kati ya mfupa na kano. Dawa ikiingia mle mwili unapambana nayo mahali pasipo pake, ndipo uvimbe wa kudumu unapotokea. Tumefundishwa mchanjaji akae usawa na anayechanjwa, na nguo ivuliwe, isivutwe shingoni. Aliyesimama juu ya aliyekaa anachoma juu bila kutaka. Ulivyoeleza tu ile fulana, nikajua.

Mwaka 2010 madaktari wa mpango huo unaousema walichapisha uchambuzi wa watu 13 wenye hali hii. Baadaye jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani likakubali kwamba kitendo cha kuchoma sindano kinaweza kuleta uvimbe wa kifuko hicho. Si uzushi wa mawakili.

Mkweli_Daima:

Ndiyo yaleyale tuliyosema, chanjo zina madhara watu wakatukanwa. Leo wenyewe wanalipa.

MamaWawili:

Mkuu, naomba tusiende huko. Dawa iliyokuwa kwenye ile sindano haikunifanya kitu. Kilichoniumiza ni mahali ilipochomwa. Mwaka jana nimechanjwa tena mafua, bega la kulia, nguo imevuliwa, mchanjaji amekaa. Nafanya kazi na wazee wa miaka tisini, nimewahi kuwafunga vitambaa vya maiti wazee watatu ndani ya wiki moja ya mafua. Wanangu wote wawili wamechanjwa.

Nataka haki ya aliyeumia ijulikane kwa sababu hiyohiyo. Mtu akiumia akaachwa peke yake, ndipo anapochukia chanjo zote na kuwaambia na majirani zake.

MzeeBusara:

Binti, hongera kwa uvumilivu. Lakini bega kuganda ni ugonjwa unaokuja hata bila sindano, hasa kwa wanawake wa miaka 40 hadi 60 na wenye kisukari. Mke wangu liliganda na hakuchanjwa chochote. Sasa serikali itajuaje nani ni nani? Na kama kosa ni la mchanjaji, mbona mfuko wa chanjo ndio ulipe?

MamaWawili:

Shikamoo mzee. Maswali yako yote mawili ndiyo yaliyobishaniwa Washington.

La pili kwanza. Mwaka 2020 Wizara ya Afya ya kule ilipendekeza bega liondolewe kwenye jedwali, kwa hoja hiyohiyo kwamba hili ni suala la uchomaji na si la chanjo yenyewe. Kanuni ikatolewa Januari 2021. Aprili 2021, serikali ikiwa imebadilika, ikafutwa kabla haijaanza kutumika, bega likabaki. Mimi nachukua upande wa waliolibakiza. Bila jedwali ningelazimika kumshtaki mtu aliyekuwa anachanja foleni ya watu mia kwa haraka, jina lake silijui hata leo, na kuthibitisha uzembe wake kwenye mahakama ya jimbo kwa gharama nisizokuwa nazo.

La kwanza: saa 48 ndizo zinazochuja. Bega la kuganda lenyewe linakuja polepole, mtu hawezi kukutajia siku. La chanjo lina siku na saa. Ndiyo maana wanaking'ang'ania kipengele hicho, na siwalaumu. Mwenye kisukari au aliyewahi kuumwa bega hilo awe tayari kuulizwa sana, na asifiche, kwa sababu wanachukua mafaili ya miaka ya nyuma pia. Kudanganya kunaua dai zima.

NyotaYaMombasa:

Dada, mimi niko Minnesota. Nilidungwa booster ya korona mwezi wa tano 2023, bega la kulia mpaka leo haliinuki vizuri. Miaka mitatu haijaisha. Niko ndani?

MamaWawili:

Pole dadangu. Jibu ni gumu, afadhali ulisikie mapema. Chanjo ya korona haimo kwenye mpango huu. Iko chini ya mpango mwingine, CICP, wa dharura za afya ya umma. Ule muda wake ni mwaka mmoja tangu siku ya chanjo. Hauna mahakama, unaamuliwa na ofisi tu, haulipi wakili, wala haulipi maumivu. Unalipa gharama za matibabu ambazo bima haikulipa na mshahara uliopotea, na mara nyingi hata hivyo wanakataa. Kwa tarehe yako, mwaka ulishapita.

Angalia kitu kimoja tu: siku ile ulichomwa ya korona peke yake? Watu wengi huchomwa ya korona na ya mafua kwa pamoja, moja kila bega au zote bega moja. Kama bega bovu ndilo lililopokea ya mafua, hesabu inabadilika. Omba karatasi ya chanjo, usome imeandikwa bega gani.

Na wengine, chanjo ya mkanda wa jeshi nayo haimo kwenye mpango. Hiyo unakwenda mahakama ya kawaida, kila jimbo na ukomo wake wa muda.

NyotaYaMombasa:

Ilikuwa peke yake. Haya. Angalau nimejua, nilikuwa najilaumu kwamba sijatafuta. Asante kwa kuniambia ukweli.

KijanaWaLeeds:

Huku Uingereza kuna sheria ya malipo ya madhara ya chanjo tangu 1979. Malipo ni pauni 120,000 mara moja, lakini lazima ulemavu ufikie asilimia 60, na kiwango hicho ni kama cha mtu aliyekatwa mguu. Bega halifiki. Dada yangu aliomba akakataliwa. Kwa hiyo mlioko Marekani msione shida kufuatilia, sisi mlango huo haupo.

Papa_Neema:

Jambo mama. Miye ni Mukongomani, tuko Kentucky tangu 2019. Bibi yangu alikuwa na mimba ya Neema, wakamupiga sindano ya pepopunda, mwezi wa kumi na moja 2022. Tangu ile siku bega ya kuume inamuuma. Neema alizaliwa mwezi wa pili, bibi hakuweza kumubeba na ule mukono, mama yangu ndiye alikuwa anamuogesha. Mpaka sasa usiku analia. Hatukujua kama kuna sheria. Hatuna makaratasi mengi, hatukuenda kwa munganga wa bega kwa sababu ya pesa. Tumechelewa?

MamaWawili:

Papa Neema, simama hapohapo ulipo usome hili. Novemba 2022 na miaka mitatu ni Novemba 2025. Leo ni Septemba. HAMJACHELEWA, lakini mna wiki chache.

Chanjo ya pepopunda wanayochomwa wajawazito huku imo kwenye mpango. Kesho asubuhi piga simu kliniki aliyochanjwa mkeo, uliza tarehe kamili na bega gani, na uombe mafaili yote ya ujauzito mpaka kujifungua. Ni haki yake kuyapata. Keshokutwa mpigie wakili. Tovuti ya mahakama ina orodha ya mawakili wanaofanya kazi hii, mwambie neno la kwanza kabisa kwamba muda unaisha Novemba. Wakili anaweza kufungua ombi kwanza, nyaraka zikafuata.

Na wiki hii hii mkeo aende kwa daktari wa bega, hata kama ni kliniki ya malipo nafuu. Aombe mkalimani wa Kiswahili. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumpa bila malipo, asikubali mtoto wenu atafsiri. Aseme BEGA. Aseme siku ya chanjo. Aseme alichoshindwa kufanya, hilo la kumbeba mtoto alieleze lote.

Papa_Neema:

Mama, kuna kitu kinanitisha. Sisi ni wakimbizi, tunaomba uraia mwaka huu. Kama tunashitaki serikali, hawataona sisi ni watu wabaya?

MamaWawili:

Swali hilo nililibeba moyoni mwaka mzima kabla ya kufungua, kwa hiyo nakuelewa kabisa. Sheria inaangalia chanjo ilitolewa wapi, haiulizi uraia wako. Mlichomwa Marekani, basi. Na dai hili siyo kumshtaki mtu kwa ubaya. Ni njia ambayo serikali yenyewe iliifungua, na wanaolipwa wengi, karibu asilimia 60, wanalipwa kwa makubaliano bila wizara kukiri chochote. Ila kwa kuwa karatasi zenu za uraia zinaendelea, mwulizeni na wakili wa uhamiaji, mpate amani ya moyo kutoka kwa mwenye taaluma hiyo.

Jambo moja mjue: uamuzi unawekwa hadharani kwenye tovuti ya mahakama. Mna siku 14 za kuomba baadhi ya mambo ya siri yafichwe. Wangu ulitoka na jina, nikaukubali.

Nesi_Mkwakwani:

Papa Neema, kwenye faili la ujauzito angalieni kila hudhurio baada ya ile sindano. Wakunga huwa tunaandika vitu vidogo mgonjwa anavyosema hata kama havihusu mimba. Someni mpaka maandishi ya pembeni.

Kinanda77:

Dada uzi mzuri, ila hujataja ulilipwa ngapi. Na huku Bongo je, mtu akiharibiwa bega anafanyaje?

MamaWawili:

Kiasi changu sitakitaja, kina watoto na wazazi nyuma yake. Nitakupa picha. Sheria iliweka kikomo cha dola 250,000 kwa maumivu na mateso mwaka 1986, na hakijapandishwa mpaka leo, ingawa vitu vyote vimepanda bei. Gharama za matibabu na mshahara uliopotea vinahesabiwa nje ya kikomo hicho. Kwenye maamuzi niliyosoma ya mabega, wasiofanyiwa upasuaji wengi wanaangukia kati ya dola 40,000 na 100,000 za maumivu, na waliopasuliwa wanapanda juu ya laki. Wanaangalia maumivu yalikuwa makali kiasi gani na kwa muda gani, ulitibiwa vipi, ulikaa muda gani bila kutafuta matibabu. Zile wiki zangu kumi na moja za kuvumilia zilihesabiwa kama dalili kwamba sikuumia sana. Kusoma sentensi ile kuliniuma kuliko bega.

Nyumbani hatuna mfuko wa namna hii. Kuna njia ya madai ya uzembe mahakamani, na kwa Tanzania na Kenya vilevile ukomo wa madai ya aina hiyo ni miaka mitatu. Taarifa ya madhara ya dawa au chanjo inapelekwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa Tanzania, na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, lakini hiyo ni taarifa tu, haina fidia. Hata huku Marekani kuna mfumo wa kuripoti, VAERS, na watu wengi wanadhani wakijaza ile fomu wamedai. Hawajadai. Ni milango miwili tofauti.

Mkweli_Daima:

Dada, nimesoma jibu lako la juu mara mbili. Mama yangu yuko Texas, amekataa kuchanjwa pepopunda kwa sababu yangu mimi. Nitampigia. Nitamwambia avue nguo ya juu na mchanjaji akae.

MamaWawili:

Ahsante sana mkuu. Mwambie pia alegeze mkono, na amwonyeshe mchanjaji kwa kidole mwenyewe: hapa, siyo juu.

Papa_Neema:

Mama MamaWawili, ninaleta habari. Kliniki walichukua siku kumi na mbili kutupatia makaratasi. Tarehe ya sindano ni 17 mwezi wa kumi na moja 2022, bega ya kuume, imeandikwa. Wakili wa kwanza alikataa, alisema makaratasi ni kidogo. Wa pili aliomba tumutumie yote, kurasa 140. Ni yeye aliona. Mwezi wa kumi na mbili 2022 bibi alienda kupimwa mimba, na infirmière, yaani nesi, aliandika chini kabisa: mgonjwa anasema bega ya kuume inauma tangu chanjo, hawezi kuinua mukono. Mustari moja tu. Bibi hakumbuki hata kama alisema.

Munganga wa bega amemuona na mkalimani kwa simu, mutu wa Bukavu. MRI ni wiki ijayo. Ombi limefunguliwa Washington jana, tarehe 4 mwezi wa kumi na moja.

MamaWawili:

Siku kumi na tatu kabla. Nimesoma ujumbe wako nikiwa chumba cha mapumziko, nimeinama kwenye meza nikalia, wenzangu wakadhani nimefiwa.

Mwambie mkeo mazoezi ya viungo asiache hata akianza kujisikia nafuu, na kila akienda aseme bado anashindwa nini. Aanze na lile la kumbeba Neema.